Mpira wa Chini wa Pikapu ya Masanja

Vijana wa gereji ya Uyole,

Mliponiaga mlinipa blanketi na jembe jipya, mkaniambia nikapumzike. Blanketi nimelielewa. Jembe na kupumzika bado natafuta vinakutana wapi. Hata hivyo nawashukuru. Asubuhi napalilia viazi, mchana nakaa nje ya nyumba yangu hapa Iyunga nasikiliza malori yakibadilisha gia barabarani, na hakuna anayeniita kutoka chini ya gari. Ni maisha mazuri.

Nawaandikia kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mipira ya maji ya rejeta, kazi niliyoifanya kuliko nyingine yoyote, ambayo wengi wenu mnaiona ndogo. Ya pili ni neno. Mtu akifunga kitu ovyo hapo gereji, mwenzake humwambia, "Hiyo umefanya kilazaro." Mnalitumia kila siku, na mmoja wenu aliwahi kunieleza kwamba ni neno la Kisafwa. Si Kisafwa. Lazaro ni mtu, yuko hai, na alikuwa fundi bora kuliko mimi. Jina lake limekuwa tusi kwa sababu ya kosa langu. Nitafika huko. Kwanza niwaeleze nilivyofundishwa, maana kosa lenyewe halieleweki mpaka mjue ni kitu gani nilikijua nikakiacha.

Nilimaliza kidato cha nne nikapelekwa kujifunza kazi kwenye gereji ya misheni, Iringa mjini. Aliyenipokea ni fundi Luvanda, Mhehe mfupi mwenye sweta lililotoboka viwiko vyote viwili. Nilivaa shati jeupe siku hiyo. Alilitazama kwa muda, kama mtu anayetazama msiba wa jirani.

"Umesoma mpaka wapi?"

"Kidato cha nne, mzee."

"Fizikia ulipata nini?"

"C, mzee."

"Hiyo C iweke mfukoni. Mikono itoe."

Kwa wiki mbili nzima sikushika spana. Kazi yangu ilikuwa kufika alfajiri kabla gari lolote halijawashwa, kufungua boneti zote na kubonyeza mipira ya rejeta kwa vidole. Baridi ya Iringa mwezi wa saba mnaijua. Vidole vyangu vilikuwa havina tofauti na bisibisi. Kisha Luvanda akija ananiuliza gari moja moja. Mpira mzima ukiubonyeza unakubali, ukiuachia unarudi. Uliokauka unatoa mlio mdogo kama majani makavu, na ndani umeshapasuka hata kama nje unang'aa. Ulioingiwa na oili unalegea kama parachichi lililoiva kupita kiasi. Na mpira uliovimba karibu na klipu, huo hauna haja ya maelezo. Unasubiri tu mlima.

"Kwa nini asubuhi, mzee?" nilimuuliza.

"Kwa sababu mpira wa moto ni mwongo. Ikipata joto yote inakuwa laini, mizima na migonjwa." Akanyanyua mkono wa sweta akanionyesha ngozi ya mkono wake wa kulia, iliyokunjamana mpaka kwenye kiwiko. "Na mwenye mkono huu alifungua kifuniko cha rejeta gari likiwa la moto. Alikuwa na haraka ya kwenda harusini. Harusi ilifanyika bila yeye."

Mengi ninayowaambia kila siku yalikuwa ya Luvanda. Mpira wa zamani usiung'oe kwa bisibisi, maana shingo ya rejeta ni laini, utaitoboa; uchane kwa kisu kwa urefu, ukubali umekufa, uvue. Shingo isugue kwa msasa mpaka iwe safi. Ukitaka mpira mpya uteleze kuingia, paka maji ya sabuni, kamwe si grisi wala oili, kwa sababu oili inakula mpira. Klipu isikae ukingoni kabisa, ikae nyuma ya kile kivimbe cha bomba. Jaza maji taratibu injini ikiunguruma, ubonyeze mpira wa juu mpaka hewa yote itoke. Injini ikipoa, rudi ukaze klipu tena. Luvanda alisema klipu ni kama mgeni: akifika anasema ameshiba, subiri kidogo umuulize tena.

Kulikuwa na desturi moja pale ambayo sikuiona kwingine. Fundi akigusa kitu chochote cha maji kwenye gari, lazima apande nalo. Gari lilipakiwa mawe au mifuko ya mchanga, likashuka mpaka Ipogolo, kisha likapanda kurudi mjini, na fundi aliyelitengeneza amekaa kando ya dereva. Hakuna kutuma mtu. Kama ulifunga wewe, unapanda wewe. Fundi mkuu alipanda, mwanafunzi alipanda. Luvanda mwenyewe, goti likimuuma, alisukumwa akaingia.

"Gari haliponi uani," alikuwa akisema. "Uani kila gari ni zima."

Nilikaa naye miaka sita. Nilipohamia Uyole kuwa karibu na wazazi wangu, nilihama na desturi ile. Mafundi wa hapo walinicheka. "Huyu Ambakisye anatafuta lifti za bure," walisema. Lakini wateja waliipenda, na baada ya muda ikawa sheria: gari likitengenezwa mfumo wa maji, fundi anapanda nalo barabara ya Tukuyu mpaka Isyonje, ndipo linakabidhiwa.

Pale Uyole niliona mambo. Niliona rejeta ya mwalimu mmoja iliyotiwa manjano ya pilau kuziba tundu. Tundu liliziba, na rejeta nzima ikaziba pamoja nalo. Niliona mpira uliofungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, juu yake bendeji ya hospitali, juu yake tena rozari. Dereva alisema ametoka nayo Mufindi hivyohivyo. Nikamwambia basi kilichomfikisha nakijua, si tyubu. Nilitoa pia thamostati nyingi kwenye magari ya watu, hilo nalikiri, maana inabana maji mpaka injini ipate joto, na miaka ile tuliamini ndiyo inayochemsha magari. Ukiitoa katika baridi yetu injini haipati joto lake, inakunywa mafuta na kuchakaa upesi. Niliwaharibia watu wengi polepole. Wengine walinishukuru.

Sasa Lazaro. Alikuja gereji nilipokuwa nimeshakuwa fundi mkuu. Alitokea Igowole, mpole, mwenye maneno machache. Alipokaza nati za hedi juu ya injini alihesabu kwa Kihehe chini kwa chini, akianzia katikati kwenda pembeni, raundi tatu, na ukimsemesha katikati ya hesabu alizilegeza zote akaanza upya. Wenzake walimtania.

"Lazaro, hizo nati unazikaza au unazibatiza?"

"Zikibatizwa hazivuji," alijibu bila kuinua kichwa.

Mwaka mmoja, mvua zikiwa zimeanza, ikaletwa pikapu ya Masanja. Masanja alikuwa Msukuma wa kule Usangu, mfugaji na mkulima wa mpunga, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Pikapu yake ilikuwa ya zamani hata kwa wakati ule. Mpira wa chini ulikuwa umepasuka, maji yakaisha, injini ikachemka mpaka gasketi ya hedi ikaungua. Niligawa kazi: Lazaro afanye hedi na gasketi, mimi nibadilishe mipira.

Mnajua mpira wa chini ndio unaotoka rejeta kwenda kwenye pampu ya maji. Katika pikapu zile za zamani mpira huo ulikuwa na springi ndani yake, waya uliozungushwa kama koili, urefu wote wa mpira. Nilipouchana ule wa Masanja nikakuta springi imeliwa na kutu, vipande vipande. Nikaikung'uta kwenye pipa la takataka. Mpira mpya niliopata dukani ulikuja mtupu, bila springi. Nikaufunga. Nilifunga vizuri sana, kwa msasa na maji ya sabuni, klipu mahali pake. Sikujiuliza yule aliyetengeneza gari aliweka waya ndani ya mpira kwa sababu gani. C yangu ya fizikia ilibaki mfukoni.

Lazaro akamaliza yake. Tukawasha. Pikapu ikaunguruma uani karibu saa nzima, maji yametulia, joto mahali pake. Ilikuwa zamu yangu na Lazaro kupanda nayo, maana sote wawili tuliigusa. Mvua ilikuwa inamwagika. Lazaro akachukua koti lake.

"Twende, fundi," aliniambia.

"Kwenda wapi na mvua hii? Huoni limetulia?"

"Uani limetulia."

"Mimi ndiye mkuu hapa, Lazaro. Limepona."

Akalitundika koti lake. Masanja akapakia mchele, akaondoka kuelekea Tukuyu. Kabla ya saa sita mchana alirudi akiwa amevutwa na lori, mvuke umekwisha na maneno ndiyo yanaanza.

"Nyie mafundi au wachawi? Gari imechemka mlimani kama chungu cha pombe!"

Nikafungua kifuniko, nikaona mapovu, nikasema mbele ya watu wote, "Hii ni gasketi. Hedi haikukazwa sawasawa."

Lazaro alisema, "Nilikaza raundi tatu." Ni hayo tu aliyosema.

Alirudia hedi. Siku hiyo pia sikupanda; nilisema ni kazi yake, apande mwenyewe. Akapanda peke yake na Masanja, na mlimani ikachemka tena, safari hii hedi ikapasuka. Masanja aliporudi alisimama katikati ya gereji, wateja wamejaa, akamnyooshea kidole. "Huyu asiguse gari yangu mpaka nife! Huyu ni fundi wa majembe!" Watu wakacheka. Lazaro akanitazama. Alikuwa ananisubiri niseme neno, mimi mkuu, niliyeijua mikono yake. Nikageuka nikaendelea kupanga spana.

Baada ya hapo wateja walianza kusema, "Nipe fundi mwingine, si Lazaro." Baada ya miezi miwili hakuwa na gari la kutengeneza. Akakusanya vifaa vyake kwenye gunia, akaniaga kwa mkono, akarudi Igowole.

Wiki hiyohiyo ndipo hedi nyingine ilipopatikana, nikaifunga kwa mkono wangu, na kwa kuwa sasa heshima yangu ndiyo iliyokuwa kwenye mizani, nikapanda. Njiani kuelekea Isyonje sindano ya joto ikaanza kupanda. Nikamwambia Masanja asimame lakini asizime. Nikafungua boneti. Maji hayavuji popote. Nikamwambia, "Kanyaga mafuta." Akakanyaga. Na mbele ya macho yangu ule mpira wa chini, mpya, safi, niliofunga mimi, ukajibana ukawa bapa kama mashavu ya mtoto anayenyonya muwa. Akaachia mafuta, ukafunguka. Akakanyaga, ukajibana. Pampu ikienda kasi inanyonya, na mpira usio na springi ndani unafumba njia ya maji. Uani, injini ikiwa taratibu, hauonyeshi kitu. Ungemwonyesha mtu yeyote aliyefungua boneti mlimani huku mwenzake akikanyaga mafuta, na ni kwa kazi hiyo tulipaswa kupanda wawili.

"Vipi, fundi?" Masanja aliuliza kwa dirishani.

Hapo ndipo ningesema. Palikuwa na watu wawili tu mlimani na mvua imekatika. Nikasema, "Nimeshaona. Nitarekebisha."

Nilipinda waya mgumu, nikautia ndani ya mpira, pikapu ikapanda Isyonje na mzigo bila sindano kutikisika. Masanja aliniletea gunia la mchele na jogoo. Akasimama palepale alipomtukania Lazaro, akatangaza, "Ambakisye amesahihisha kazi ya Lazaro!" Nikapokea jogoo. Kuanzia hapo kila kazi mbovu ikaitwa ya kilazaro, na mimi nilikuwepo neno lilipozaliwa, nikaliacha likue. Miaka zaidi ya ishirini nimelisikia mkilisema karibu nami. Wakati mwingine, Mungu anisamehe, nimelisema mwenyewe.

Kwa miaka hiyo yote nilikuwa fundi mwangalifu. Kila mpira wa chini uliopita mikononi mwangu niliukagua springi, na hakuna gari lililotengenezwa mfumo wa maji likatoka bila mimi kupanda. Mlidhani ni ukali wa uzee. Nilikuwa nikilipa mahali ambapo sikudaiwa.

Mwezi uliopita, baada ya ninyi kuniaga, nilipanda basi mpaka Mafinga, kisha nikapata gari la kwenda Igowole. Sikuwa na mpango mzuri wa maneno. Gereji ya Lazaro iko kando ya barabara, banda la mabanzi, na magari manne yalikuwa yanamsubiri. Nilimtambua kwa sauti: alikuwa ameinamia hedi, anahesabu. Nikasimama nikasubiri raundi tatu ziishe.

"Kamwene, Lazaro."

Akainuka. Amekuwa na mvi kuliko mimi. "Kamwene, mkuu. Umepotea njia au gari limekufa?"

"Nimekuja kwa miguu yangu."

Tulikaa nyumbani kwake, mkewe akatuletea chai na viazi vya kuchemsha. Nikamweleza yote, mpira, springi, mvua, Isyonje, jogoo. Sikuacha kitu. Lazaro alisikiliza huku anamenya kiazi chake polepole, na nilipomaliza alikuwa bado hajakila.

"Kumbe springi," alisema. "Mimi nililala miaka nikikaza ile hedi kichwani. Nikasema labda nati ya saba niliiruka."

Hilo sikulitarajia. Nilidhani amenikasirikia mimi. Kumbe alijitilia shaka mwenyewe.

"Hukuiruka," nikasema.

"Sasa najua," alisema. Kisha nikamwambia kuhusu neno. Alicheka, kweli alicheka, akarudia, "Kilazaro! Wanasema hivyo?" Lakini mkewe hakucheka. Aliweka birika chini.

"Edga alitaka kazi Uyole mwaka juzi," alisema mama yule, akiniangalia mimi. "Mtoto wetu wa pili, fundi huyo. Alienda na barua, akarudi jioni ileile. Tulipomuuliza akasema hawahitaji watu. Kumbe alisikia wanavyotaja jina la baba yake."

Lazaro akaacha kucheka.

Mwishowe Lazaro akala kiazi chake. "Samahani yako nimeipokea," alisema. "Ila samahani ya hapa mezani hainisaidii Uyole. Uliyasema mbele ya watu."

"Nitayasema mbele ya watu."

"Usiseme. Maneno ya mdomo ndiyo yaliyonifukuza. Andika. Uandike na springi, wasije wakairudia."

Nimeandika. Nawaomba muibandike barua hii ukutani, karibu na kabati la spana, mahali kila anayekuja kuazima atapita. Mkitaka kumkumbuka Lazaro, mkumbukeni kwa raundi tatu. Na kwa kuwa gereji haiwezi kukaa bila neno la kazi iliyofungwa kwa kiburi, jina langu mnalo. Ambakisye ni refu kidogo mdomoni, lakini ninyi ni vijana, mtalizoea.

Edga nimezungumza naye kwa simu. Alikataa mara mbili, ya tatu akakubali. Nimemwambia atakuta magari ya zamani mengi na mlima karibu. Anakuja Jumatatu asubuhi, na mkuu wa gereji ameshakubali kumjaribu kwa kazi, si kwa maneno. Mtamjua, ana mikono ya baba yake. Mtakapomuuliza yeye ni nani, atawajibu, "Mimi ni Edga, mtoto wa Lazaro."

Asicheke mtu.